Asiyekuwapo na Lake Halipo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garsen



Halmashauri ya chama imetupa kazi ya kusema mbele yenu juu ya neno ambalo limekuwa likirudi katika kila kikao chetu, nalo ni hili: kwa nini nchi yetu ya Tana, yenye mto ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, imebaki nyuma ya sehemu nyingine? Wengine hujibu kwamba ni ukame. Wengine husema ni mafuriko. Wako pia wasemao kwamba mfugaji na mkulima hawawezi kukaa pamoja, na kwamba watu wagombanao hawajengi. Majibu hayo tumeyasikia, wala hatuyadharau, maana ukame na mafuriko ni mambo tunayoyaona kwa macho. Lakini twaona kwamba chini ya majibu hayo yote liko jibu jingine. Maendeleo hufuata mahali shauri linapokatwa, na unyonge huwapata wale ambao hawakuwamo katika kikao siku shauri lilipokatwa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Basi twaomba ruhusa yenu tuvitazame vikao vitatu. Cha kwanza ni kikao cha mji mkuu wa nchi. Cha pili ni kikao cha Hola, mji mkuu wa Kaunti yetu. Cha tatu ni kikao chetu wenyewe, hiki tukaacho chini ya mwembe. Tukifika hicho cha tatu ndipo tutakapoleta ombi letu, maana hicho ndicho kilichomo mikononi mwetu.

Tuanze na kikao cha mbali. Mto Tana huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, husafiri kiasi cha kilomita 1,000, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanywewayo Nairobi hutoka katika vijito vya juu vya mto huu. Bwawa la Ndakaini, lililo juu ya mto Thika, ni mojawapo ya visima vya mji huo, kama tukiruhusiwa kuliita hivyo. Baada ya uhuru, mabwawa ya umeme yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Kwa miaka mingi mabwawa hayo yalitoa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya nzima. Viwanda viliendeshwa kwa nguvu ya mto wetu, na taa za miji ziliwashwa kwa nguvu hiyo hiyo, hali vijiji vingi vya huku chini vikiendelea kutumia koroboi.

Ni nani aliyekata shauri hilo, na kwa hesabu gani? Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa maendeleo. Humo ilielezwa kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali zitakapozaa faida kubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, penye njia za usafiri na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Faida itakayopatikana huko, walisema, ndiyo itakayosaidia sehemu nyingine baadaye.

Hatusemi kwamba waliotunga waraka ule walikuwa na nia mbaya. Nchi ilikuwa changa na fedha zilikuwa chache. Lakini tazameni jinsi hesabu hiyo ilivyozunguka. Mahali pasipo barabara hapakupewa barabara kwa sababu hapakuwa na barabara. Mahali pasipo umeme hapakuhesabiwa kuwa pa kufaa, ingawa maji yaliyozalisha umeme yalikuwa yakipita hapo hapo kuelekea baharini. Na kule palipokwisha kutengenezwa na wakoloni, kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 na kwa reli na mashamba ya walowezi, ndiko palipoonekana tena kuwa penye rutuba ya fedha. Hivyo mkondo uliochimbwa na mkoloni uliendelea kupitisha maji baada ya bendera kubadilishwa. Taifa lilichukua sauti ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, likaifanya Wimbo wa Taifa mwaka 1963. Lakini katika kikao cha kugawa fedha sauti ya Tana haikusikika.

Tena mabwawa hayo yaligusa riziki yetu hasa. Wakulima wa mto huu, tangu mababu, walilima kwa kufuata maji. Mto ulipanda wakati wa mvua, ukaloanisha na kurutubisha kingo na mabonde. Uliposhuka, watu wakapanda mpunga na mahindi katika tope lenye afya. Mfugaji naye alingojea maji yashuke, majani ya delta yaote, apate malisho ya kiangazi. Lango la bwawa likifungwa huko juu, mafuriko madogo yaliyotulisha hupungua. Na mvua kubwa zinapojaza mabwawa hata yakazidiwa, maji hutufikia kwa wingi usio na kipimo. Mwaka 2018, na tena mwaka 2024, watu wengi wa Tana ya chini walihama makwao kwa sababu ya mafuriko. Mwenye kushika lango hukaa juu, na mwenye kuhama hukaa chini.

Sasa tuitazame miradi iliyoletwa huku kwetu, maana mtu aweza kusema: si kweli kwamba Tana ilisahauliwa, mbona fedha nyingi zilimwagwa? Ni kweli zilimwagwa. Mifereji ya kwanza ya Hola ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa siasa, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hata wakafa huko. Baadaye wakulima wakakaa katika mradi ule na kulima pamba, mpaka mwaka 1989 mto ulipobadili njia yake, pampu zikaachwa kavu, na mradi ukalala kwa miaka mingi. Mradi wa Bura uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 1977. Ulikusudiwa kuwa wa hekta 6,700, lakini gharama zilipanda kupita kiasi, na ardhi iliyotiwa maji haikufika nusu ya hiyo. Wakulima waliletwa kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, wakawa wapangaji kwa kibali tu, pasipo hati ya shamba. Na wafugaji wakaona mashamba na mifereji imesimama kati ya ng'ombe wao na mto. Kisha ukaja mradi wa mpunga wa delta, karibu na hapa Garsen, kwa msaada wa Japani, chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, iitwayo TARDA. Nao ulivunjwa na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998.

Wazee wetu, miradi hiyo mitatu ni tofauti kwa miaka yake na kwa wafadhili wake, lakini katika jambo moja inafanana. Wote walioipanga walikaa mahali pengine. Mzee yeyote wa kando ya mto angaliweza kuwaambia kwamba Tana huhama kitandani mwake kama mtu mwenye joto, na kwamba njia ya ng'ombe kwenda majini haizibwi. Elimu hiyo ilikuwako hapa bure, lakini haikuwa na kiti mezani. Basi kumnyima mtu nafasi ya kusema si dhuluma kwake peke yake. Ni hasara kwa taifa zima, maana fedha zilizopotea Bura zilikuwa fedha za Wakenya wote.

Sasa twaja kwenye kikao cha pili. Kwa miaka mingi baada ya uhuru sehemu kubwa ya ardhi za namna yetu iliitwa ardhi ya amana, ikawekwa mikononi mwa halmashauri ya wilaya kwa niaba ya wenyeji. Neno amana ni neno zuri, lakini aliyewekewa amana aweza kusahau mwenye mali. Mwaka 1995 TARDA ilipata hati ya zaidi ya hekta 28,000 za delta. Mwaka 2008 ziliandikwa habari za Qatar kutaka hekta 40,000, na katika miaka hiyo hiyo makampuni yakaja kwa ajili ya miwa na mibono ya kutoa mafuta. Watu wengi wa vijijini walipata habari hizo kwa redio au kwa uvumi, hali ng'ombe wao walikuwa wakilisha katika ardhi iliyokuwa ikizungumzwa.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Wakazi wa delta wenyewe, wakisaidiwa na watu wa hifadhi, walikwenda mahakamani. Mwezi wa Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru mpango wa matumizi ya ardhi ya delta utungwe kwa kuwashirikisha wakazi. Na baadaye mpango ukaandikwa, ukaonyesha mahali pa kulima, pa kulisha, na pa kuhifadhi. Delta yetu ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 2012 miongoni mwa ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, chini ya Mkataba wa Ramsar. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu laonyesha kwamba mtu mdogo akiingia katika kikao kwa njia ya haki, kikao hubadilika.

Katiba ya mwaka 2010 nayo ilileta serikali karibu. Sasa Kaunti hupata sehemu ya mapato ya taifa isiyopungua asilimia 15, na Hazina ya Usawazishaji iliwekewa nusu ya asilimia moja kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 za namna hiyo, na Tana River ilikuwa mojawapo. Fedha za Hazina hiyo zilikawia sana kufika, lakini kutajwa kwenyewe kulikuwa ni kukiri kwa taifa kwamba pengo hili halikuletwa na mvua peke yake.

Hata hivyo, kikao kilipokaribia, vita vya kukigombea vikakaribia pia. Hatuwezi kupita hapa bila kuutaja mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka ule watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Riketa. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikawa zamu ya Kipao. Waliokufa kwa jumla walipita 100, Waorma na Wapokomo, na Serikali ikaunda Tume ya Uchunguzi. Ugomvi wa malisho na mashamba ulikuwa wa zamani. Lakini uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa ukikaribia, ambao kwa mara ya kwanza ungetoa Gavana na wabunge wa Kaunti, na watu wengi waliamini kwamba atakayekosa kiti atakosa maji, ardhi, kazi na shule. Imani hiyo ilikuwa ya hatari, lakini haikutoka hewani. Kwa miaka 50 watu walikuwa wameona kwamba aliye na kiti hula na asiye nacho hutazama. Mahali ambapo kiti ni kila kitu, watu watakiendea kwa mapanga. Dawa yake si kumpata mtu mwema wa kukikalia tu. Ni kukipunguzia kiti uwezo wa kumnyima asiyekikalia haki yake.

Sasa twafika katika kikao cha tatu, nacho ni chetu. Mababu zetu hawakuishi bila sheria. Wapokomo walikuwa na Gasa, na Waorma walikuwa na Matadeda. Wazee wa pande hizo walikaa pamoja kuzungumza juu ya malka, yaani njia za ng'ombe kushukia majini: zipite wapi, wakati gani, na mkulima alipwe nini shamba likiingiliwa. Mkoloni alipokuja alidhoofisha mamlaka hayo. Ngadzi, ile ngoma kuu ya Wapokomo iliyokuwa alama ya utawala wao, ilichukuliwa, na mwaka 1908 ikaingia katika makumbusho ya British Museum huko London. Tangu hapo amri zilitoka kwa barua, na wazee wakaitwa kupokea amri badala ya kuitunga.

Twayaheshimu mabaraza yale, na kwa sababu twayaheshimu, hatuna budi kusema ukweli wake wote. Katika mabaraza ya kale mwanamke hakuwa na kiti, ingawa ndiye aliyelima shamba na kukama ng'ombe. Kijana alisimama nje. Mwata, ambaye huijua misitu kuliko sisi sote, alihesabiwa kuwa mtu wa chini, na shauri la misitu lilikatwa bila yeye. Sasa tujiulize: hoja tunayoipeleka Nairobi, kwamba haifai kumkatia mtu shauri naye hayupo, je, si hoja ile ile ambayo mwanamke wa Garsen, kijana wa Hola na Mwata wa msituni waweza kutuletea sisi? Tukiipokea, hoja yetu mbele ya taifa itakuwa na nguvu. Tukiikataa, wakubwa watatujibu kwamba hatudai haki bali twadai zamu.

Wako wazee watakaosema kwamba kufungua kikao kwa kila mtu ni kuondoa heshima, na kwamba penye wengi pana mengi. Neno hilo lina uzito. Lakini heshima ya mzee haikutoka katika uchache wa waliomsikiliza. Ilitoka katika uadilifu wa hukumu yake. Hukumu iliyotolewa mbele ya watu wote ndiyo iheshimiwayo zaidi. Wako wengine watakaosema kwamba adui yetu yuko mbali, na kwamba tusijichambue hadharani. Kwao twasema kwamba yule wa mbali hakuweza kamwe kuichukua ardhi yetu pasipo mtu wa karibu wa kumtilia sahihi.

Jambo hili si la maneno matupu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imetupa mlango. Jamii yaweza kujiandikisha na kupata hati ya ardhi yake. Huunda mkutano wa watu wazima wote, na mkutano huo huchagua kamati ya wajumbe 7 hadi 15. Ardhi haiwezi kutolewa wala mapatano na mwenye mtaji kufanywa pasipo theluthi mbili kukubali, na ubaguzi kwa ajili ya jinsia au asili umekatazwa. Ardhi ambayo haijaandikishwa hukaa bado mikononi mwa Kaunti kwa niaba yetu. Kila mwaka tunaoahirisha ni mwaka ambao amana hiyo imo mikononi mwa mwingine.

Lakini mlango huo huo waweza kupitwa na mwizi. Tuchukue mfano. Daftari la wanajamii laandikwa na watu wachache usiku mmoja. Wajumbe wote 15 watoka katika kijiji kimoja, au ukoo mmoja, wote wanaume. Mwenye mtaji afika, awapa posho na chakula, karatasi zatiwa sahihi, na asubuhi mama mmoja aenda shambani akuta vigingi. Siku hiyo hatutaweza kumlaumu mkoloni wala Nairobi. Hati itakuwa na jina la jamii, lakini ardhi itakuwa ya wachache.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu maombi manne. La kwanza, kila daftari la wanajamii lisomwe kwa sauti hadharani, kijiji kwa kijiji, kabla ya kupelekwa kwa msajili, ili asiyeandikwa aseme. La pili, kabla ya uchaguzi wa kamati yoyote, tukubaliane juu ya viti vya wanawake, vijana, Wawata, wafugaji na wakulima, ili kila upande uwe na kiti chake na asiwepo wa kukosa vyote. La tatu, malka zote zipimwe na kutiwa katika ramani, kwa makubaliano ya wazee wa Waorma, Wapokomo na Wawardei pamoja, ili njia ya majini isitegemee ni nani aliyeshinda uchaguzi. La nne, chama chetu kidai kwamba wakazi wa Tana ya chini wawe na sauti inayosikika kila shauri la mabwawa na kufungulia maji linapokatwa, sasa na kwa mabwawa yatakayojengwa.

Ombi la nne lahitaji serikali itukubalie, na huenda likachukua miaka. Lakini matatu ya kwanza hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote wa Nairobi wala wa Hola. Yahitaji daftari, kalamu, na wazee walio tayari kusogea kidogo katika mkeka ili mwingine aketi.

Tumesema machache kati ya mengi. Kama mkutano utayakubali maombi haya, twaomba yaandikwe katika kumbukumbu za leo, na katika mkutano wa mwakani Halmashauri ieleze mbele yenu ni vijiji vingapi vimesomewa madaftari yake, na ni malka ngapi zimepimwa. Mungu awajalie wazee wetu hekima, na watu wa mto huu amani.